Goti la Alex Johnson: kisa cha miaka sita kati ya mechi ya 45 na ya 46

Jumamosi ya mwisho ya Septemba 2012, watu 99,683 walijaa kwenye uwanja wa MCG mjini Melbourne kutazama fainali ya mpira wa kanuni za Australia. Sydney Swans waliwashinda Hawthorn kwa pointi 91 dhidi ya 81. Katika safu ya ulinzi ya Sydney alikuwamo kijana wa miaka 20, Alex Johnson, aliyeanza kucheza ligi kuu mwaka mmoja tu kabla ya hapo. Ile fainali ilikuwa mechi yake ya 45. Alivishwa medali ya ubingwa shingoni akiwa na umri ambao wengi wetu ndio kwanza tunatafuta pa kuanzia.

Mechi yake ya 46 aliicheza tarehe 4 Agosti 2018.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na magoti ndiyo ninayoyashika kuliko kiungo kingine chochote. Kisa hiki nimekirudia mara nyingi kuliko hesabu, na kila mara naona kinasimuliwa kama hadithi ya mkosi. Mkosi ulikuwapo, sibishi. Lakini ndani yake kuna mambo ya kitabibu na ya uamuzi ambayo mtu yeyote anayeuguza goti, au anayemlea mwanamichezo, anapaswa kuyajua, na nitayaeleza kadiri niwezavyo kwa lugha ya kila siku.

Kwanza huo mpira wenyewe, kwa asiyeujua. Timu huwa na wachezaji 18 kila upande, kwenye uwanja wenye umbo la yai unaoweza kuzidi mita 150 kwa urefu, wakati uwanja wetu wa soka ni mita 105 hivi. Hakuna kuotea. Mpira unaweza kuja kutoka mbele, nyuma au ubavuni, na mpinzani naye vilevile. Mchezaji hukimbia kilomita 12 na zaidi katika mechi moja, na njiani anageuka ghafla, anasimama ghafla, anaruka kudaka mpira juu ya vichwa vya wenzake na kutua kwa mguu mmoja huku amesukumwa. Ukitaka kubuni mchezo wa kulijaribu goti, utakuwa umeubuni huo.

Miezi ya jua kali

Msimu wa ligi huanza Machi na kuishia Septemba, majira ya baridi ya huko. Maandalizi huanza Novemba, yanakatwa na mapumziko ya Krismasi, kisha yanaendelea Januari na Februari kwenye joto kali la kiangazi cha Australia. Ndiyo miezi ya mbio za kilomita mbili za kupimana, ya vyuma, ya kukimbia na kifaa kidogo cha GPS kilichowekwa kwenye fulana kati ya mabega. Makocha huipenda kwa sababu ndipo pumzi ya mwaka mzima inapojengwa. Sisi wa tiba huiogopa. Mwili uliopumzika unadaiwa mambo mengi kwa wakati mmoja, na kijana anayetaka nafasi kikosini hatasema kwamba leo mguu ni mzito.

Majeraha mengi ya kipindi hicho ni ya misuli. Nyama za paja kwa nyuma ndizo zinazoongoza kwa kuwakosesha wachezaji mechi katika ligi hiyo, na hilo linajulikana vizuri kwa sababu tangu 1992 AFL, yaani ligi kuu ya mpira huo, imekuwa ikikusanya na kutoa taarifa ya majeraha ya klabu zote, jambo ambalo ligi nyingi kubwa duniani hazikuwahi kulifanya kwa uwazi wa namna hiyo. Nyama za paja zikichanika, mtu hukaa nje wiki tatu, nne, au sita. Inauma, lakini unaijua njia ya kurudi.

Daktari mmoja wa michezo huko, John Orchard, alitumia kumbukumbu hizo kuuliza swali ambalo wengi hawakuwa wameliuliza: ardhi yenyewe ina mchango gani? Aligundua kwamba ligamenti ya goti, yaani kamba inayoishikanisha mifupa ya kiungo, hukatika zaidi mwanzoni mwa msimu, ardhi ikiwa bado kavu na ngumu, na zaidi kwenye viwanja vya kaskazini vyenye joto kuliko vya kusini. Aina ya majani nayo inahusika. Nyasi za Cynodon, ambazo sisi tunaziita ukoka na tunazikanyaga kila siku, hutandaza mtandao mnene wa vikonyo juu ya udongo. Meno ya njumu yanazama mle na kung'ang'ania. Mwili unageuka, mguu unabaki. Mimi niliyekulia kwenye viwanja vya ukoka nilipolisoma hilo nilikaa kimya kwa muda nikiwafikiria wachezaji niliowaona wakianguka peke yao, hakuna aliyewagusa, nasi tukasema kwamba wamerogwa.

Johnson aliumia goti la kushoto katika kipindi hichohicho cha maandalizi, mwanzoni mwa 2013, miezi michache baada ya ule ubingwa. Ligamenti ya mbele ya goti, ambayo hospitalini huitwa ACL, ilikatika. Msimu wake ukawa umekwisha kabla haujaanza.

Kilichokatika ni nini hasa

Weka kidole gumba chini ya kofia ya goti lako, kisha fikiria kamba fupi iliyo ndani kabisa, katikati ya viungo, nene kama kidole chako kidogo. Inatoka kwenye mfupa wa paja kwa nyuma, inashuka mshazari hadi kwenye mfupa wa muundi kwa mbele. Kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisijipinde ovyo mtu anapogeuka. Katika kutembea kwa kawaida haihitajiki sana. Katika kusimama ghafla ukiwa mbioni, hiyo ndiyo inayokushika.

Inapokatika, wengi husema walisikia mlio, "pwa!", kama ubua uliovunjwa. Baada ya saa chache goti linajaa damu. Mtaalamu akitaka kujua, anamlaza mgonjwa chali, anakunja goti kidogo tu, mkono mmoja unashika paja kwa juu ya goti, mwingine unashika muundi kwa chini, halafu anauvuta muundi mbele taratibu. Kwenye goti zima, muundi unasogea kidogo kisha unagonga kitu, kama mbwa aliyefika mwisho wa kamba yake. Kwenye goti lililokatika, unaendelea kusogea na hakuna kinachouzuia. Mikono inaijua ile hali kabla picha ya MRI haijapigwa. Na mgonjwa anayekutazama usoni anaijua pia. Hiyo ni sekunde ngumu kuliko zote katika kazi yangu.

Ligamenti ya pembeni ya goti, upande wa ndani, mara nyingi hupona yenyewe kwa wiki kadhaa ikipumzishwa vizuri. Ya mbele ni nadra kuungana sawasawa kiasi cha kuaminika kwenye michezo ya kugeuka na kuruka. Ndiyo maana nasema neno "ameumia goti" halitoshi. Katika klabu hiyohiyo ya Sydney alikuwapo Aliir Aliir, beki aliyezaliwa 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya. Yeye naye aliumia goti, katika mechi ya mwisho kabla ya fainali ya 2016, akaikosa fainali hiyo. Iliuma mno. Lakini aliendelea na maisha yake ya uwanjani, na baadaye akiwa na Port Adelaide alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi cha 2021. Kuna goti la wiki na kuna goti la miaka.

Goti la Johnson lilikuwa la miaka. Matibabu ya kawaida kwa mchezaji wa kiwango hicho ni kutengeneza ligamenti mpya. Daktari mpasuaji huchukua kano, yaani kamba inayoushika msuli kwenye mfupa, kutoka kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi ya nyuma ya paja au ile iliyo chini ya kofia ya goti, anatoboa vijia kwenye mfupa wa paja na wa muundi, anaipitisha kano humo na kuifunga. Upasuaji wenyewe ni wa saa moja au mbili. Kazi kubwa ni inayofuata, na hapa watu wengi hukosea.

Kano ile ikishawekwa, haiwi ligamenti siku hiyo. Imekatwa kutoka kwenye damu yake. Kwa wiki za mwanzo chembe zake nyingi hufa, halafu mishipa midogo ya damu huanza kuiingia, chembe mpya huja, nyuzi zake hupangwa upya. Katikati ya safari hiyo, wiki ya sita hadi ya kumi na mbili hivi, kipandikizi, yaani kano hiyo iliyopandikizwa, huwa dhaifu kuliko siku kilipowekwa. Na ajabu ya Mungu, ndicho kipindi ambacho mgonjwa huanza kujisikia mzima. Uvimbe umepungua, ameyaacha magongo, anapanda ngazi. Anakuja kwangu anacheka. Namwonya kwa sauti kali kuliko siku alipokuja analia.

Mara tano

Goti la kushoto la Johnson lilitengenezwa upya mara tano. Narudia: mara tano, goti lilelile. Kipandikizi kilishindwa, kikabadilishwa, kikashindwa tena, na kila mara hesabu ikaanzia moja.

Watu wa nje hudhani mara ya pili ni marudio ya ya kwanza. La hasha. Kila upasuaji unaacha goti likiwa na akiba ndogo zaidi. Kano bora imeshatumika, kwa hiyo inatafutwa nyingine, pengine kutoka mguu mzima. Vijia vilivyotobolewa kwenye mfupa vipo tayari na pengine vimepanuka, hivyo wakati mwingine lazima vijazwe mfupa kwanza, mgonjwa asubiri miezi uungane, ndipo arudi mezani. Gegedu na minisiki, vile vikalio vinavyolilinda goti lisisagike, huumia kila goti linapochomoka. Na msuli wa mbele wa paja husinyaa. Nimeona paja la mwanamume mwenye nguvu likipungua kwa wiki mbili hadi suruali ikaning'inia upande mmoja.

Kuurudisha ule msuli huanza na jambo dogo mno. Mgonjwa analala, taulo lililokunjwa linawekwa chini ya goti, anaambiwa alikandamize taulo kwa kuukaza msuli wa paja. Basi. Siku za mwanzo msuli haumtii. Anaukodolea macho mguu wake kama wa mtu mwingine, jasho linamtoka kwenye paji la uso, na msuli unatetemeka kidogo tu, kama ngozi ya maji upepo ukipita. Sasa mfikirie bingwa wa taifa akilikandamiza taulo kwa mara ya kwanza. Kisha mfikirie akilikandamiza katika upasuaji wa tano, akiijua njia nzima iliyo mbele yake, hatua kwa hatua, na akijua mahali ilipokatika kila safari.

Nimwulize mtu yeyote anayesema kwamba majeraha ni suala la mwili tu: ujasiri wa siku ile unapimwa kwa kipimo gani?

Palikuwa na njia ya mkato iliyojulikana sana enzi zile, na Sydney ndiyo klabu iliyoifanya maarufu. Nick Malceski, mchezaji mwenzake, aliwekewa mwaka 2008 kamba ya kutengenezwa kiwandani iitwayo LARS badala ya kano yake mwenyewe, akarudi uwanjani baada ya miezi mitatu hivi, wakati wengine walisubiri karibu mwaka mzima. Malceski huyohuyo ndiye aliyefunga goli la mwisho katika fainali ya 2012, lile lililomaliza ubishi. Unaweza kuelewa kwa nini kila mchezaji aliyekatika ligamenti miaka ile aliitaka kamba hiyo. Lakini kwa wengine ilikatika au ikalegea, na polepole madaktari wengi wa michezo wakarudi kwenye kano ya mwili, yenye kuchukua muda wake.

Muda ndio unaonirudisha kwenye kisa hiki kila mara. Utafiti uliotoka Norwe mwaka 2016, uliowafuatilia watu waliotengenezewa ligamenti hiyo, ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja mtu aliochelewa kurudi kwenye michezo, hadi kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia upya goti kwa takriban nusu. Nusu, kwa mwezi mmoja wa subira! Hakuna dawa ninayoijua katika kazi yangu yenye nguvu hiyo. Na bado katika klabu nyingi, sehemu yoyote duniani, swali la kwanza kwa daktari ni "atarudi lini?" na tarehe hutangazwa kabla nyuzi za mshono hazijatolewa.

Johnson alikuwa pia katika umri mbaya kwa jeraha hili. Wanaoumia wakiwa vijana, karibu na miaka ishirini, ndio wanaoumia tena zaidi. Sababu ni pamoja na kwamba ndio wanaorudi kwenye michezo mikali. Mzee wa miaka arobaini anayetengenezewa goti anarudi kwenye kutembea na kuendesha baiskeli. Kijana anarudi kwenye ukoka uleule.

Uamuzi wa klabu

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana jambo hili halisemwi vya kutosha.

Klabu ya AFL haiwezi kusajili kama klabu za soka. Kuna kikomo cha mishahara na kikomo cha orodha, wachezaji arobaini na kitu, na wachezaji wapya hupatikana kwa mgawo wa vijana mwisho wa mwaka na kwa kubadilishana na klabu nyingine. Miaka ile hakukuwa na kuongeza mchezaji katikati ya msimu. Utaratibu huo ulirudishwa 2019. Kwa hiyo kila jina lililomo kwenye orodha bila kucheza ni nafasi ya mtu mwingine. Sydney, chini ya kocha John Longmire, ilikuwa timu ya kugombea ubingwa kipindi chote hicho. Ilifika fainali ya 2014 na ya 2016. Haikuwa klabu yenye nafasi za kugawa.

Na ilimbakisha. 2013, 2014, 2015, 2016, 2017, na 2018 pia. Misimu mitano mizima mchezaji hakucheza hata dakika moja ya ligi kuu, na jina lake likaendelea kuwamo.

Kuna watakaosema ilikuwa huruma, na kwamba huruma ilimponza, kwa kuwa angeambiwa mapema "imetosha" angelinusuru goti lake kwa uzee. Hoja hiyo naiheshimu. Goti lililopasuliwa mara nyingi hivyo lina uwezekano mkubwa wa kusagika mapema, na mtu mwenye miaka 26 ana miaka mingine hamsini ya kulitumia. Lakini nikiwa upande wa kitanda, nimeona kinachotokea kwa mchezaji anayeachwa na klabu akiwa kwenye magongo. Mazoezi anayaacha ndani ya mwezi. Anarudi kucheza mchangani kwa hasira, bila kupimwa nguvu ya mguu, na hapo ndipo goti linapoisha kabisa. Klabu iliyombakisha Johnson ilimpa pia jimu, wataalamu, timu ya akiba ya kujaribia, na chumba cha kubadilishia nguo cha kuingia kila asubuhi. Bila hivyo vinne, kipandikizi cha tano kisingekuwa na pa kukomalia. Uamuzi wa kuendelea ulikuwa wake, na uliheshimiwa.

Hakuwa peke yake katika ligi. Daniel Menzel wa Geelong alikatika ligamenti za magoti mara nne na akarudi 2015 baada ya takriban miaka minne. Johnson lazima alilitazama hilo.

Agosti

Mwaka 2018 alicheza kwenye timu ya akiba wiki baada ya wiki. Halafu akaitwa. Sydney dhidi ya Collingwood, Jumamosi usiku, uwanja wa nyumbani wa SCG, zaidi ya siku 2,100 tangu ile fainali ya 2012. Sydney walishinda kwa pointi mbili. Wenzake walimkumbatia mmoja mmoja, na wapo waliokuwa watoto wa shule alipocheza mara ya mwisho.

Juma lililofuata walisafiri hadi mjini Melbourne kucheza na klabu ya Melbourne, MCG, uwanja uleule wa ubingwa. Ikawa mechi yake ya 47. Akaumia. Ligamenti ya mbele ilikuwa imekatika, na ilikuwa ya goti la kulia.

Nilipoisoma habari hiyo niliiweka simu chini. Kisha nikakumbuka jambo ambalo hata sisi wa tiba hulisahau: mtu akishakatika ligamenti ya goti moja, goti la pili nalo liko hatarini, na kwa vijana hatari yake hukaribia ya kipandikizi chenyewe au hata kuizidi. Miaka mitano macho ya wote yalikuwa kwenye mguu wa kushoto. Mguu wa kulia ndio uliobeba mwili muda wote huo: kwenye magongo, kwenye ngazi, kwenye kila kutua ambako ule mwingine ulikuwa unasitasita. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna yangu ya kupima. Anayekuja kwangu na goti bovu napima yote mawili kwa uzito mmoja, naruka naye kwa miguu yote miwili, na programu ya mazoezi naiandika kwa miguu yote miwili kuanzia wiki ya kwanza.

Johnson hakucheza tena ligi kuu. Rekodi yake imebaki mechi 47, na nimesikia wanaosema kwamba miaka ile sita ilipotea bure kwa ajili ya mechi mbili. Swali la kitabibu lililoulizwa mwaka 2013 lilikuwa kama goti la kushoto laweza kurudishwa kwenye mchezo wa kiwango cha juu kabisa. Kipandikizi cha tano kilibeba mechi yote dhidi ya Collingwood, mbio na mageuzi na miruko yake yote. Kikaingia tena uwanjani MCG siku nane baadaye. Alipotolewa nje siku ile, kilikuwa bado kizima.